Tarehe 8 Januari: Daktari Williamson wa Mwadui

Ifikapo tarehe 8 Januari twakumbuka kufa kwa Daktari John Thoburn Williamson, ambaye jina lake lajulikana sana katika nchi yetu ya Shinyanga.

Alizaliwa tarehe 10 Februari mwaka wa 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, nchi ya Kanada. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill hata akapata udaktari wa elimu hiyo. Kisha akaja Afrika, akafanya kazi katika nchi ambayo leo yaitwa Zambia, na baadaye akaingia Tanganyika, kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini ya Mwanza. Machimbo yale yalikuwa na faida ndogo, na wenyewe wakakata tamaa. Lakini yeye alibaki. Alijua ya kuwa almasi zilizookotwa huku na huku zina chimbuko lake mahali fulani, akaazimia kulitafuta.

Basi akazunguka Usukuma, fedha zikimpungukia na malaria ikimsumbua. Wakili mmoja wa Mwanza, Bwana I. C. Chopra, akamsaidia kwa fedha. Hata mwezi wa Machi mwaka wa 1940 akaliona chimbuko lenyewe pale Mwadui: mwamba wenye almasi ulioenea hekta 146.

Mwaka wa 1947 ilionekana Mwadui almasi ya rangi ya waridi, yenye uzito wa karati 54 na nusu. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Na palipokuwa nyika pakawa mji, wenye shule na hospitali.

Kampuni ya De Beers, iliyotawala biashara ya almasi ulimwenguni, ilitaka kununua mgodi ule. Williamson hakukubali kuuuza. Lakini kansa ya koo ikamshika, akafa tarehe 8 Januari mwaka wa 1958, kabla hajatimiza miaka 51. Hakuoa, wala hakuacha mtoto. Mwaka ule ule mgodi ukauzwa, De Beers na serikali ya Tanganyika wakaugawana nusu kwa nusu. Alilolikataa maisha yake yote likatimia kabla ya mwaka kwisha.

Walakini, wapenzi wasomaji, hakuchimba peke yake. Baba zetu wengi walishika sururu na sepetu pale Mwadui, wakaosha changarawe juani, wakatoa mawe ambayo hawakuyavaa wao wala wake zao. Kalenda haina siku ya kuzaliwa kwao wala ya kufa kwao. Watoto wao na wajukuu wao wangali katikati yetu. Tuwaulize majina ya wazee wale, tuyaandike, yasipotee kama yalivyopotea mengi. Hapo tutakapoisoma tena tarehe hii, tutawakumbuka wote pamoja.