Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali, na vitabu vimfanyavyo mtu muungwana

Wazee wetu wa pwani walituachia neno kuwa muungwana ni kitendo. Neno hilo twalisema kwa ndimi zetu, walakini nyoyoni mwetu huuliza kwanza mtu ni wa mlango gani, na arusi ya mwanawe ilichinjiwa ng'ombe wangapi. Kwa hivyo tumeona yafaa tuwakumbushe ndugu zetu wa Port Reitz na wa Mombasa nzima maisha ya mtu aliyeweza kujifakhari kwa ukoo wake, naye akakhiari kujipamba kwa elimu.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa katika wanavyuoni wakubwa wa mji, naye akafariki mwanawe angali mtoto mdogo. Malezi na masomo yake yakashikwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kisha akavuka bahari kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir. Basi yatima huyu akalelewa na vitabu, pamoja na watu waliojua kuvisomesha.

Hakusimama kwenye fikihi na nahau peke yake. Alisoma pia maandishi yaliyotoka Misri, khasa jarida la Al-Manar la Sheikh Rashid Rida, mwanafunzi wa Sheikh Muhammad Abduh. Humo alikuta suala lililomshughulisha umri wake wote: kwa nini Waislamu, waliokuwa walimu wa wenzao, wamekuwa wa nyuma katika shule, biashara na mambo ya mji? Akaona kuwa dini haina lawama. Lawama ni ya wenye dini walioiacha elimu wakashika mazoea.

Mwaka 1930 alianza kutoa As-Sahifa, karatasi ndogo ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Zama hizo wanavyuoni wengi waliandika kwa Kiarabu, na watu wa mji wakabaki kusikiliza bila ya kufahamu. Yeye aliwaandikia kwa lugha ya majumbani mwao. Alikataza israfu za arusi na matanga, akahimiza watoto wa kike wasomeshwe, na akawalaumu wanaoiga mavazi na starehe za Wazungu wakaacha elimu na bidii yao. Maneno haya hayakuwa matamu kwa kila mtu, kwani yaligusa desturi ambazo watu walizidhani kuwa ndio uungwana wenyewe. Makala za As-Sahifa baadaye zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Watoto nao hakuwasahau: aliwatungia Hidayatul Atfal.

Aliandika vile vile, kwa Kiarabu, tarikhi ya Mazrui waliotawala Mombasa, nayo ikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Hapa sisi watu wa Port Reitz tuna aibu yetu. Mahali petu paitwa kwa jina la Luteni Reitz, ofisa wa manowari za Kiingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824, Mazrui walipotaka himaya ya Uingereza, naye akafa mwaka huo huo. Ni wangapi katika watoto wetu wanaolijua jambo hili? Asiyejua tarikhi ya mlango wake mwenyewe atajifakhari kwa nini?

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hata alipofariki mwaka 1947. Alikuwa amekwisha kuanza kufasiri Kurani kwa Kiswahili, na mauti yakamkuta kazi haijesha. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliendeleza kalamu yake; na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyepita njia hiyo hiyo, akatoa tafsiri kamili mwaka 1969.

Sasa tujihesabu nafsi zetu. Twamsifu Sheikh katika mikutano, na majumbani mwetu makabati ya vioo yamejaa vikombe visivyonywewa, wala hapana kitabu hata kimoja. Kumsifu mwenye kitabu bila ya kukisoma ni kama kusifu maji na kiu ikatuua. Twapendekeza jambo lililo jepesi: kila nyumba inunue kitabu kimoja, kisomwe kwa sauti baada ya Isha, mama na mabinti wasikilize na waulize. Na aliyesoma kuwa israfu ni mbaya, na ayapunguze matumizi ya arusi yake. Kwani kitabu kisichoonekana katika vitendo vya msomaji hakijamfanya muungwana.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh wetu, na atujaalie kuwa wasomaji wa alichotuachia. Amin.