Atlasi Iliyomfikisha Krapf Mlima Kenya

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama mahali pa juu hapa Murang'a huuona Mlima Kenya upande wa kaskazini. Wanafunzi wangu huutazama tangu utotoni, lakini nikiwataka wauonyeshe katika ramani, wengi hubabaika. Wamekariri kimo chake, mita 5,199, kwa ajili ya mtihani, basi. Ndiyo maana hupenda kuwasimulia maisha ya Johann Ludwig Krapf.

Krapf alizaliwa mwaka wa 1810 katika kijiji cha Derendingen, Ujerumani, akiwa mwana wa mkulima. Alipokuwa mwanafunzi, babake alimpa atlasi. Wakati huo muuza vitabu mmoja alikuwa amemwazima kitabu cha safari za James Bruce huko Uhabeshi, chenye habari nyingi za fisi. Kijana akafungua ramani, akaona kwamba upande huu wa Afrika ulikuwa na majina machache mno. Akajiuliza iwapo pengo lile lilikuwa jangwa lililojaa fisi.

Alipokuwa mtu mzima akawa mmisionari, akatumwa Uhabeshi, na mwaka wa 1844 akafika Mombasa. Mwaka uo huo mkewe, Rosine, aliaga dunia pamoja na mtoto wao mchanga. Hata hivyo Krapf hakurudi kwao. Alijifunza Kiswahili, akaanza kukusanya maneno ya kamusi, na kuwadadisi wasafiri kuhusu nchi za bara. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, ndiye aliyemweleza juu ya mlima wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf aliuona kwa macho yake.

Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kuzuru nchi hizi, alizibeza habari za theluji karibu na ikweta. Krapf alifariki mwaka wa 1881. Miaka 2 baadaye, Joseph Thomson aliuona mlima huo na kuthibitisha maneno yake.

Sisemi kwamba Krapf aliugundua mlima. Wazee wetu waliuita Kirinyaga na kuomba wakiuelekea zamani sana kabla hajazaliwa. Nisemalo ni kwamba Cooley alikuwa na ramani akadhani ameshajua yote, ilhali Krapf alikuwa na ramani na swali, kisha akakubali kuelekezwa na wenyeji. Hapo ndipo tunapowapunja watoto wetu: tunawapa majibu ya ramani kabla hawajaiuliza lolote.

Walimu wenzangu, tuzitoe ramani kabatini. Mtoto aweke kidole kwenye Mto Mathioya, aufuate hadi uungane na Tana, kisha apitie Garissa, Hola na Garsen mpaka baharini, Kipini. Kila kituo afikirie: Je, hapa kuna joto kiasi gani? Watu wanafuga nini? Maji haya yaliyotoka kwetu yanawafaa vipi? Kisha, kama Krapf, amtafute aliyefika huko, awe dereva wa lori au mwalimu aliyewahi kufunza huko, alinganishe aliyoyawaza na yaliyopo.

Nanyi wanafunzi, msingoje nauli. Safari ya Krapf ilianza akiwa ameketi, atlasi mbele yake.