CHOJUN MIYAGI: Mzee aliyeipa Goju-ryu jina lake

Mtaani ukitaja karate tu, vijana wanakumbuka mikanda ya video: jamaa anaruka ukuta, anaangusha watu kumi. Leo nawaletea mzee ambaye habari yake ni tofauti kabisa.

Chojun Miyagi alizaliwa Naha, kisiwani Okinawa, mwaka 1888, kwenye familia yenye pesa. Akiwa na miaka 14 akaanza kufundishwa na Kanryo Higaonna, aliyekuwa amejifunza kupigana huko Fuzhou, China. Jamani, pale hapakuwa na lelemama. Mwanafunzi alirudia Sanchin, zoezi la kusimama, kukaza mwili na kupumua, miaka na miaka. Vifaa? Mitungi ya kubeba kwa vidole na mawe yaliyotiwa mpini. Hivyo hata Muleba havikosekani.

Higaonna alifariki 1915. Miyagi akaendeleza kazi, na yeye pia alifika Fuzhou kutafuta chimbuko.

Mwaka 1930 mwanafunzi wake, Jin'an Shinzato, alionyesha karate Tokyo. Akaulizwa mtindo wake unaitwaje. Kumbe haukuwa na jina! Ndipo Miyagi akachagua Goju, yaani ugumu na ulaini: ngumi inapiga kwa nguvu, mkono unapokea pigo na kulipotezea njia.

Kisha ikaja vita. Mwaka 1945 Okinawa ilisagwa. Shinzato akafa, Miyagi akapoteza na watoto wake. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa vita ni nini, wazee wetu waliiona 1978 majeshi ya Amin yalipovamia. Mzee angeweza kuacha kila kitu. Badala yake alianza upya, akafundisha polisi, akafundisha uani kwake, mpaka alipofariki 1953.

Hakutangaza mrithi, ndiyo maana Goju-ryu ina matawi kibao. Mbegu ilifika hadi Bongo: miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Sensei Nantambu Camara Bomani, aliifundisha Zanaki, Dar es Salaam.

Kwa mtazamo wangu, mzee huyu hakushinda kwa kupiga watu. Alishinda kwa kurudia zoezi lile lile, hata baada ya kupoteza karibu kila kitu. Wewe unayesema huna gym, una mawe na una pumzi. Unangoja nini?

Haya, uwanja ni wenu, mwageni maoni hapo chini.