Alexandre Le Roy: sadaka ya kuondoka



Tukisikia neno sadaka tunawaza mashahidi wa Uganda, au ile noti ya kapuni. Leo nawaletea Alexandre Le Roy, Mfaransa aliyezaliwa 1854, mmisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu.

Alifika Bagamoyo 1881. Mwaka 1890 akapanda hadi huku kwetu Kilimanjaro pamoja na Askofu de Courmont na Padre Gommenginger, wakaadhimisha Misa mlimani. Wachagga walikuwa wakimchinjia Ruwa mbuzi. Wazungu wengi wa enzi zile waliita hayo ushenzi tu. Le Roy, katika kitabu chake cha 1909, alitetea kwamba Waafrika walimjua Mungu na kumtolea sadaka kabla padre yeyote hajafika. Hapo nampa heko.

Sasa sikia. Safari ile ilizaa misheni ya Kilema, lakini aliyekabidhiwa kuianzisha ni Gommenginger. Le Roy, aliyeandika kitabu kizima kuhusu mlima huu, 1892 akafanywa askofu wa Gabon, upande wa pili wa bara. Na 1896 akachaguliwa kuongoza shirika zima kutoka Paris, miaka 30! Alifariki 1938.

Hakuna aliyemchoma mkuki. Lakini mbuzi wa sadaka hachaguliwi kati ya wale usiowataka, na Kristo pale Getsemane aliyatoa mapenzi yake kabla ya msumari wowote.

Mimi mwaka huu nasubiri kupangiwa kituo cha uchungaji. Natamani Rombo, karibu na mama. Barua bado haijafika.