Ethel Fenwick, muuguzi nambari moja

Kitenzi 'kuuguza' ni kitendawili kidogo kwetu sisi tunaofundisha sarufi. Mwanafunzi huzoezwa kwamba kauli ya kusababisha humfanya mtu atende au apatwe na jambo: kulia huzaa kuliza, kupotea huzaa kupoteza. Kwa mantiki hiyo, kuuguza kungekuwa kumtia mtu ugonjwa. Mswahili hakuamua hivyo. Anayeuguza ni yule akaaye kando ya kitanda cha mgonjwa, akamlisha, akamgeuza na kukesha naye. Kwa maana hiyo, karibu kila mmoja wetu amewahi kuwa muuguzi. Mama aliyekesha na mtoto mwenye surua ni muuguzi; binti aliyerudi kijijini kumtunza babake ni muuguzi pia. Ila siku hizi neno hilo hilo tumelipa kazi ya pili, yaani kumtaja mtu aliyesomea kazi hiyo, akatahiniwa na kuandikishwa kwa mujibu wa sheria. Mpaka kati ya maana hizi mbili uko wapi, na ni nani mwenye haki ya kuuchora?

Kuna mwanamke aliyeitumia zaidi ya nusu karne ya maisha yake kulijibu swali hilo. Alizaliwa mwaka wa 1857 karibu na mji wa Elgin, Uskoti, akaitwa Ethel Gordon Manson. Historia inamjua zaidi kwa jina la mumewe, Bi Bedford Fenwick. Tuulizwapo habari za muuguzi mashuhuri, wengi wetu humtaja Florence Nightingale na taa yake, kisha tukanyamaza. Nakusudia kumsimulia huyu mwingine kwa sababu maisha yake yanahusu jambo ambalo Nightingale mwenyewe alilipinga, nalo ni wauguzi kuungana na kudai watambuliwe na sheria.

Ethel hakutoka katika ufukara. Babake alikuwa mkulima mwenye mali, na baada ya kifo chake mamake aliolewa na mbunge, hivyo binti akalelewa katika jumba kubwa huko Nottinghamshire. Alipotimiza umri wa miaka 21 aliingia hospitali ya watoto ya Nottingham kama mwanagenzi anayejilipia. Alipita Manchester, kisha akawa sista wa wadi katika London Hospital iliyokuwa mtaa wa maskini wa Whitechapel. Mwaka wa 1881, akiwa na miaka 24 tu, aliteuliwa kuwa metroni wa hospitali kongwe ya St Bartholomew's. Msomaji aliye mwalimu na afikirie shule kubwa ya taifa ikikabidhiwa mwalimu mkuu wa umri huo.

Hali aliyoikuta katika kazi hiyo haikuwa na utaratibu. Hospitali moja ilifundisha wauguzi kwa miaka miwili, nyingine kwa mwaka mmoja, nyingine haikufundisha kabisa. Mtu yeyote angeweza kununua sare, akajiita muuguzi na kuajiriwa nyumbani kwa mgonjwa. Aliyefukuzwa hospitali moja kwa ulevi au wizi alihamia mji wa pili na kuanza upya, kwa kuwa hapakuwa na daftari la kumuumbua. Kwa upande mwingine, aliyesoma kwa bidii hakuwa na namna ya kuuthibitishia umma kwamba yeye si kama yule. Metroni mpya aliwataka wanagenzi wa St Bartholomew's wasome kwa miaka mitatu. Hilo lilikuwa wazo la miaka mitatu lililokuja kuwa msingi wa madai yake yote.

Mwaka wa 1887 aliolewa na daktari Bedford Fenwick, na kwa desturi ya wakati ule muuguzi aliyeolewa aliiacha kazi. Alikuwa na miaka 30. Hakushika tena kazi ya mshahara wodini. Ila katika Novemba ya mwaka huo huo, nyumbani kwake mjini London, palifanyika mkutano ambao ulizaa Chama cha Wauguzi cha Uingereza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wauguzi wa nchi ile kuwa na chama chao cha kitaaluma, na binti wa Malkia Victoria, Princess Christian, alikubali kuwa rais wake. Lengo lilikuwa moja, kwamba pawe na daftari la taifa lenye majina ya wauguzi waliohitimu, na nje ya daftari hilo asiwepo wa kujidai.

Upinzani ulikuwa mkali, tena ulitoka kwa watu wa heshima. Wakuu wa hospitali kubwa waliogopa kunyang'anywa mamlaka juu ya wauguzi wao. Nightingale naye alikuwa na hoja ambayo sipendi ibezwe. Aliamini kwamba mtihani hupima kumbukumbu, haupimi upole wala uadilifu, na kwamba muuguzi aliyeandikishwa mara moja angejiona amekamilika milele. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha karatasi za mwanafunzi hodari asiye na utu ataielewa hofu hiyo. Fenwick naye alikuwa na jibu. Wema wa moyo ni sharti, lakini mgonjwa asiyeweza kuuona moyo wa mtu anahitaji walau kuujua ujuzi wake, na muuguzi anayenyanyaswa na mwajiri anahitaji kitu ambacho mwajiri huyo hawezi kumpokonya.

Mwaka wa 1893 chama kilipata hati ya kifalme. Wauguzi walishangilia, lakini ushindi wenyewe ulikuwa na kasoro ambayo mwanaisimu hawezi kuipita bila kusimama. Walikuwa wameomba waruhusiwe kuweka daftari la usajili. Hati ikawaruhusu kuweka orodha tu. Tofauti ya neno moja! Orodha ni karatasi ambayo yeyote huweza kuiandika, hata ya vitu vya kununua sokoni. Usajili una nguvu ya sheria nyuma yake. Wapinzani walijua vyema walichokuwa wakikikata.

Mambo yaliharibika pia ndani ya nyumba. Madaktari walikuwa wanachama tangu mwanzo, na polepole uongozi ukawaangukia wao na maofisa ambao moto wao wa usajili ulikuwa umepoa. Mwanzilishi akasukumwa kando na chama alichokizaa. Mwingine angekwenda kulima maua. Yeye mwaka wa 1894 aliunda Baraza la Metroni, na tayari alikuwa ameshika uhariri wa jarida la wauguzi ambalo baadaye liliitwa British Journal of Nursing. Aliliongoza kwa zaidi ya miaka 50. Sidhani tumelitafakari vya kutosha jarida la aina hiyo. Muuguzi wa wakati ule aliishi ndani ya uzio wa hospitali yake, akalala katika bweni lake na kumtii metroni wake. Kupitia kurasa zile alifahamu kwamba yuko mwenzake katika mji mwingine, hata nchi nyingine, mwenye shida kama zake.

Kutoka katika imani hiyo lilizaliwa lile ambalo kwangu ni tendo lake kubwa kupita yote. Mnamo Julai 1899, wanawake wa mataifa mengi walipokuwa wamekutana London kwa kongamano lao, Fenwick alipendekeza kuwe na Baraza la Kimataifa la Wauguzi. Alikuwa rais wake wa kwanza hadi mwaka wa 1904, huku Mmarekani Lavinia Dock akiwa katibu. Katika kongamano hilo alikuwepo Grace Neill, afisa wa serikali ya New Zealand. Huyo alirudi kwao na shauku ile ile, na mwaka wa 1901 New Zealand ikapitisha sheria ya usajili wa wauguzi.

Wala Afrika haikuwa mkiani katika habari hii. Koloni ya Cape ilikuwa imeanza kuwasajili wauguzi kwa sheria tangu mwaka wa 1891, kwa juhudi za Sista Henrietta Stockdale wa Kimberley. Kwa hiyo Waingereza, waliozoea kujiona walimu wa dunia, walibaki nyuma ya koloni zao wenyewe. Fenwick alilitumia jambo hilo bila haya kuwaaibisha wabunge.

Wabunge hawakuaibika haraka. Tangu mwaka wa 1904 miswada ililetwa na kuzimwa mwaka baada ya mwaka. Kamati teule iliunga mkono usajili, serikali ikasinzia. Ndipo vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na maelfu ya wasichana wa kujitolea, wengine wakiwa na mafunzo ya majuma machache, wakavaa mavazi meupe na kuitwa wauguzi. Wengi wao walikuwa mashujaa. Hata hivyo, aliyesoma kwa miaka mitatu alijiuliza baada ya amani atatofautishwa vipi nao. Mwaka wa 1916 kikaundwa Chuo cha Uuguzi, chama kipya kilichokua upesi kikawa mshindani wa Fenwick, nacho pia kikidai usajili, kwa masharti laini zaidi. Hatimaye, Desemba 1919, Bunge likapitisha sheria. Miaka 32 ilikuwa imepita tangu mkutano ule wa nyumbani kwake.

Daftari lilifunguliwa mwaka wa 1921, na jina la kwanza kuandikwa lilikuwa lake. Alikuwa na miaka 64.

Laiti hadithi ingalikomea hapo, ingalikuwa tamu kwa wanafunzi, lakini isingalikuwa kweli. Sheria iliwaruhusu wauguzi waliokuwa tayari kazini waandikishwe kwa muda maalum, hata kama hawakuwa na cheti cha kisasa, mradi wathibitishe uzoefu wao. Wengi wao walikuwa wanawake waliofanya kazi kwa miaka 15 au 20 katika hospitali za maskini, mahali ambapo hapakuwa na shule ya kuwapa cheti. Fenwick ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kuyapitisha maombi. Aliyachambua moja moja, akadai ushahidi juu ya ushahidi, na maombi yakarundikana. Mgogoro ukawa mkubwa hata mwenyekiti wa baraza na wajumbe wengi wakajiuzulu. Wauguzi waliosajiliwa walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao, muuguzi nambari moja alishindwa. Kura zile zilipigwa na watu ambao bila yeye wasingalikuwa na kura.

Nimelitafakari sana tukio hili. Rahisi ni kusema kwamba alikuwa na majivuno ya tabaka lake, na ni kweli. Aliamini kwamba uuguzi ni kazi ya mabinti waliosoma, waliotoka nyumba njema, na hakuwahi kuuficha mtazamo huo. Lakini naona pia hofu ya mtu aliyejenga nyumba kwa miaka 30, akaambiwa siku ya kuhamia kwamba mlango hautakuwa na kufuli. Mimi namuunga mkono kuhusu jina. Jina la kazi linapaswa kulindwa, kwani mgonjwa ndiye anayelipia udanganyifu. Kuhusu mlango alikosea. Yule mwanamke wa miaka 20 wodini hakuwa mlaghai aliyenunua sare. Alikuwa dada aliyetangulia kazini kabla shule hazijamfikia, na chama kilichoanzishwa ili wauguzi wainuane kilipaswa kumwekea ngazi.

Fenwick hakukubali kushindwa. Mwaka wa 1926 aliasisi chuo kingine cha wauguzi kushindana na kile cha 1916, bila mafanikio makubwa. Mwaka wa 1943, katikati ya vita vya pili, Bunge la Uingereza liliunda daftari la pili, la wauguzi wasaidizi wenye mafunzo mafupi. Alikuwa ameipinga hatua hiyo kwa nguvu zake zote. Alifariki Machi 1947 akiwa na miaka 90. Baraza la Kimataifa aliloliasisi lingali hai, na kila mwaka huongoza Siku ya Wauguzi Duniani. Tarehe iliyochaguliwa ni Mei 12, siku aliyozaliwa Florence Nightingale.

Madaftari yale mawili yalivuka bahari. Kenya ilirithi mgawanyo wa muuguzi wa cheti na muuguzi wa diploma, na kwa miongo mingi wale wa cheti ndio waliobeba zahanati za mashambani. Kisha zama zikageuka, na cheti kikaanza kuonekana hakitoshi. Mwaka wa 2005 shirika la Amref, likishirikiana na Baraza la Wauguzi la Kenya, lilianzisha mpango wa kuwafundisha wauguzi wa cheti kwa kompyuta hadi wapate diploma bila kuziacha zahanati zao. Waliolengwa walikuwa 22,000 hivi. Kwa maneno mengine, ngazi iliwekwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kufundisha somo la mawasiliano kwa kundi la wauguzi waliokuwa wakijiendeleza, katika chuo kimoja, jioni. Wengine walitoka zamu ya mchana moja kwa moja, viatu vyeupe bado miguuni. Palikuwa na mama mmoja wa makamo ambaye hakuwa amewahi kugusa kompyuta, na alikaribia kukata tamaa katika juma la pili. Vijana wawili waliokaa nyuma yake, wa umri wa wanawe, wakahamia dawati lake. Walimwonyesha jinsi ya kuhifadhi kazi yake. Yeye akawaeleza jinsi wanavyozalisha mama ambaye mtoto amekaa vibaya, usiku, taa ya karabai, gari la hospitali liko mbali. Somo langu la jioni hiyo lilihusu uandishi wa ripoti. Nililiahirisha, nikavuta kiti nikasikiliza.