Sir John Carden: Fundi aliyewaundia mahasimu vifaru

MAPEMA mwaka 1941, majeshi ya Jenerali Alan Cunningham yaliyokuwa Garissa na kandokando ya Mto Tana yalivuka mpaka kuwakabili Waitaliano. Kismayu ilitwaliwa Februari 14, na Mogadishu Februari 25.

Katika vita hivyo, askari wa Afrika Kusini walitumia vifaru vyepesi vya Vickers, nao Waitaliano walikuwa na vifaru vidogo vya CV33. Vyote vilitokana na kazi ya Mwingereza mmoja, Sir John Valentine Carden, aliyekuwa amefariki miaka mitano awali.

Carden alizaliwa London Februari 6, 1892, katika ukoo wenye cheo cha urithi kutoka Ireland. Ufundi wa mitambo alijifunza mwenyewe, akaanza kwa kuunda magari madogo ya bei nafuu.

Katika miaka ya 1920 alishirikiana na Vivian Loyd kubuni kifaru kidogo mno. Mwaka 1928 kampuni yao ilinunuliwa na Vickers-Armstrongs, naye akawa mbunifu wake mkuu wa vifaru.

Kifaru chao cha Mark VI kilikuwa na uzito wa tani moja na nusu, kikabeba watu wawili na bombomu moja. Bamba zake za chuma hazikuzidi unene wa milimita 9. Sifa yake kubwa ilikuwa urahisi wa bei, na mataifa mengi yakakikimbilia.

Italia iliunda CV33 kwa kufuata mfano huo. Muungano wa Kisovieti nao ulinunua Mark VI mwaka 1930 na kuunda T-27. Ulinunua pia kifaru cha tani sita cha Vickers, kikazaa T-26, ambacho kiliundwa kwa zaidi ya 10,000.

Carden hakuyaona matokeo. Desemba 10, 1935, ndege ya abiria ya Sabena ilianguka Tatsfield, Uingereza, akafa akiwa na umri wa miaka 43.

Siku tano baadaye, huko Dembeguina, wapiganaji wa Ras Imru wa Ethiopia walivishinda vifaru vya CV33. Bunduki zake zilielekea mbele tu, hivyo waliviendea kutoka ubavuni na nyuma.

Oktoba 1936 nchini Uhispania, T-26 yenye mzinga wa milimita 45 ilipambana na CV33 karibu na Seseña, na ile ya Italia haikufua dafu. Lakini Ujerumani ilipoivamia Sovieti mwaka 1941, chuma chembamba cha T-26 hakikuhimili mizinga mipya, na maelfu yakateketea.

Silaha iliyouzwa kwa kila mwenye fedha ilirudi kuwakabili waliobuni asili yake. Kwa wafugaji wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao hawakuulizwa neno, ugomvi huo wa mataifa ya mbali ulipiganwa katika malisho na visima vyao.