Ruth Wakefield, mama wa resto aliyeipatia dunia biskwi ya shokola

Hapa Sakania kila mutu anajua namna chakula na barabara vinavyoenda pamoja. Tangu reli ya kutoka kusini ilipopita hapa na kufika Élisabethville mwaka 1910, wasafiri wanashuka na njaa, na wamama wanapika. Leo ni madereva wa makamio wanaongojea karatasi za duane. Wanakula bukari na thomson, wanalipa, na wengine wanaacha franga kidogo za matabishi juu ya meza. Ndiyo maana leo tunawaletea maisha ya mama mmoja wa Marekani aliyefungua resto kando ya barabara, akachagua shokola yake vizuri, na kazi yake ikaingia mu jikoni za dunia nzima.

Jina lake ni Ruth Graves Wakefield. Alizaliwa mwaka 1903 mu jimbo la Massachusetts. Alisoma ku Framingham, mu shule ya kutayarisha walimu, upande wa kazi za nyumbani na mapishi, akamaliza mwaka 1924. Kisha alifundisha wanafunzi kupika, akafanya pia kazi ya kushauri watu juu ya lishe bora. Mwaka 1926 aliolewa na Kenneth Wakefield. Tuliweke hili akilini: kabla ya kufungua resto, huyu mama alikuwa mwalimu. Alijua moto unafanya nini ku siagi, na sukari inafanya nini ku unga.

Mwaka 1930, yeye na bwana yake walinunua nyumba ya zamani mu muji mdogo wa Whitman, ku barabara kubwa ya kusini ya Boston. Waliiita Toll House, maana yake nyumba ya péage, mahali wasafiri wa zamani walilipa kodi ya barabara, wakabadilisha farasi na kula. Ukweli ni kwamba nyumba yenyewe haikuwa péage. Jina lilikuwa la kuvuta wateja, na liliwavuta kweli. Ule wakati ulikuwa mugumu. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, watu wengi hawakuwa na kazi, na benki zilikuwa zinafungwa. Lakini Ruth alianza na meza chache, akapika kamba wakubwa wa bahari na vyakula vya kizamani, akamalizia na vitu vitamu. Watu walitoka mbali kuja kula. Meza zikaongezeka, nyumba ikapanuliwa.

Sasa tufike ku biskwi. Watu wanapenda kusimulia ya kama ilitokea kwa bahati. Wengine wanasema Ruth alikosa shokola ya kuyeyuka, akavunja ile nyingine akifikiri itayeyuka yote mu unga. Wengine wanasema kipande kilianguka chenyewe mu mashine ya kukorogea. Ni hadithi tamu, lakini zinamwibia huyu mama kazi yake. Mwalimu wa mapishi, aliyekuwa na resto yenye sifa, hakuwa mutu wa kushangaa mbele ya shokola. Resto yake ilikuwa tayari inatoa biskwi nyembamba ya sukari ya kahawia na njugu, inaliwa pamoja na kremu ya baridi. Wateja waliipenda. Ruth alitaka kuwapa kitu kipya. Karibu mwaka 1938, pamoja na mfanyakazi wake wa jikoni Sue Brides, alijaribu mpaka akapata.

Siri ilikuwa mu kuchagua shokola. Kuna shokola isiyo na sukari hata kidogo, ni chungu, na kazi yake ni kuyeyushwa mu keki. Kuna shokola ya maziwa, iko tamu sana na ni rahisi kuungua. Ruth alichukua ya katikati, ile yenye sukari ya kiasi, kutoka kampuni Nestlé. Aliivunja vipande vidogo kwa chuma cha ncha cha kuvunjia barafu, akavichanganya mu unga. Ku moto, vile vipande vililainika lakini havikupoteza umbo. Ukiuma, unakuta unga wenye siagi, kisha shokola laini, na ule uchungu kidogo unapunguza utamu wa sukari. Ukiweka ya maziwa tupu, utamu unakuwa juu ya utamu. Mama yeyote anayejua kupima chumvi mu sombe ataelewa.

Maelezo ya kupika ile biskwi yaliingia mu chapa ya mwaka 1938 ya kitabu chake cha mapishi. Magazeti yaliyachukua. Halafu ikaja redio: mwaka 1939 biskwi ilisikika mu programu ya Betty Crocker juu ya vyakula vya resto zenye sifa. Sisi watu wa redio tunafurahi kukumbusha ile. Wamama waliokuwa mbali na Whitman walisikia, wakapika. Nestlé nao waliona mauzo ya ile shokola yanapanda.

Hapa ndipo kuna jambo la kufikiri. Mu mwezi wa tatu 1939, Ruth aliwapatia Nestlé haki ya kutumia maelezo yake na jina la Toll House. Bei inayosimuliwa mpaka leo ni dola moja tu, na inasemekana hata ile dola hakuipata mukononi. Inasimuliwa pia kwamba alipewa shokola ya bure, na kwamba kampuni ilimlipa baadaye kwa kazi ya ushauri. Mwaka ule ule Nestlé walianza kuuza shokola iliyokatwa tayari vipande vidogo, na maelezo ya Ruth yakachapwa ku pakiti. Vita vikuu vya pili vilipokuja, askari wa Massachusetts walipokea biskwi mu vifurushi kutoka nyumbani, wakagawia wenzao wa majimbo mengine. Hivyo ikaenea Marekani yote.

Na wale walioleta sahani ku meza? Mu Marekani, matabishi si asante tu. Sheria ya mwaka 1938 iliweka mushahara wa chini, lakini watu wa resto wengi waliachwa inje mpaka mwaka 1966. Na walipoingizwa, tajiri aliruhusiwa kuhesabu matabishi kama sehemu ya mushahara. Tangu 1991, sheria ya taifa inamruhusu kulipa dola 2.13 tu kwa saa, na mteja anajazia, ijapokuwa majimbo mengine yameweka zaidi. Kwetu, matabishi ni moyo wa mteja. Lakini hata kwetu, msichana anayeambiwa na tajiri yake kwamba atajilipa ku matabishi, huyo hana mushahara. Na matabishi inayodaiwa ku barrière mbele ya karatasi zilizo sawa, hiyo si asante. Ina jina lingine.

Ruth na Kenneth waliuza resto mu miaka ya 1960. Yeye alifariki tarehe 10 Januari 1977, mu muji wa Plymouth. Nyumba yenyewe iliungua usiku wa mwisho wa mwaka 1984. Mwaka 1997 jimbo la Massachusetts liliitangaza biskwi yake kuwa biskwi rasmi ya jimbo.

Ndugu zetu wa Beni na Mambasa wanalima kakao, na sehemu kubwa inatoka inchini ikiwa mbegu tu, kisha inarudi madukani ikiwa shokola ya bei kali. Mutu anayejua kazi lakini hajui bei ya kazi yake, mwingine ndiye atakayemwekea ile bei. Ruth alijua kazi. Alipima, alichagua, aliandika kila kitu. Wewe mama wa mikate, wa gato, wa malewa pale karibu na reli: andika vipimo vyako mu kaye. Na siku mutu atakapokuja kutaka jina lako, usitie mukono bila kwanza kuuliza ni kiasi gani, na ni kwa miaka mingapi.